Si Kila Damu ni Bawasiri

Baba mkubwa alijitibu bawasiri miezi minane. Unga wa mizizi asubuhi na jioni, maji ya moto ya kukalia, pilipili marufuku. Sisi watoto hatukujua kitu. Nani angemuuliza mzee wa miaka 71 habari za haja kubwa? Mama mkubwa ndiye aliyegundua, siku alipofua msuli wake.

Mimi nina ugomvi na hilo jina. Likishatajwa, mazungumzo yamekwisha: kila mtu anaijua bawasiri, kila mtu ana dawa yake, na stendi hakukosi spika ya kuitangaza. Mara nyingi ni kweli, damu mbichi inayodondoka mwisho wa choo huwa ni bawasiri au mpasuko wa njia ya haja kubwa. Lakini utumbo mpana wa mzee una mengine. Kuna vifuko vinavyojitokeza ukutani mwake kadiri umri unavyosonga. Kimoja kikivuja, damu huja ghafla, nyingi, bila maumivu. Kuna saratani. Halafu kuna vidonge vya magoti, diklofenaki na wenzake, ambavyo wazee wetu hununua dukani kama peremende. Hivyo huweza kuchimba vidonda tumboni, na damu ya huko juu hutoka ikiwa choo cheusi, cha kunata kama lami. (Vidonge vya kuongeza damu navyo huleta choo cheusi, basi mtajie daktari kila unachomeza. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache kienyeji.)

Hospitali, daktari alivaa glavu akapima kwa kidole. Hicho ndicho baba mkubwa alichokuwa akikikimbia muda wote huo, na hakikufika dakika moja. Kipimo cha damu kikaonyesha imepungua mno. Kule kuhema akipanda ngazi za msikiti, tulikokuita uzee, kumbe ni upungufu wa damu. Ikafuata kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo mpana. Bawasiri alikuwa nayo kweli. Lakini juu zaidi, ndani ya utumbo, kulikuwa na uvimbe.

Angekuwa anatokwa na mabonge, au kizunguzungu na jasho la baridi, ilikuwa ya kukimbizwa usiku uleule, si ya kungoja kliniki.

Uvimbe umekatwa, anaendelea na matibabu. Mama mkubwa ameweka balbu chooni. Miaka yote mzee alikuwa akiingia mle gizani na kutoka gizani.