Runinga ina mlinzi, mtoto hana

Jumapili iliyopita tulikuwa na mkutano wa mtaa. Uliitishwa saa nne asubuhi, tukaanza saa tano na nusu, mambo ya kawaida. Ajenda ya kwanza ilikuwa ulinzi shirikishi, na tuliijadili kwa saa mbili kasoro. Nani hajalipa mchango wa 5,000. Je, aliyepanga chumba kimoja alipe sawa na mwenye nyumba ya geti? Firimbi mbili zimepotelea wapi? Na lile suala zito la kitaifa: tochi ya walinzi iwe ya betri au ya kuchaji? Baba mmoja nusura avue koti kwa ajili ya tochi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema jamani, Jumanne pale kona ya dukani kwa Mangi mtoto wa darasa la pili kagongwa na bodaboda mchana kweupe. Alitumwa chumvi. Mguu umevunjika sehemu mbili. Tunalizungumza lini? Mwenyekiti akanijibu kwa upole kabisa: "Hilo tumeliweka kwenye mengineyo." Mengineyo yalipofika, jua lilikuwa la utosi na kina mama walishaondoka kwenda kuinjika sufuria.

Sina ugomvi na walinzi. Tangu waanze kuzunguka usiku, hatujasikia runinga iliyopitishwa dirishani, na wale tuliokuwepo mwaka 2022, magenge ya vijana wa mapanga, Panya Road, yalipotulaza macho, hatuhitaji kuelezwa thamani ya firimbi. Na jambo hili halikuanza na sisi watu wa Dar. Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ng'ombe wao walikuwa wanaibwa na hawakuona wa kuwasaidia. Ng'ombe alipata jeshi zima. Mtoto wetu kapata mengineyo.

Kinachonikera hasa ni jinsi tunavyopima kosa. Mtu akichomoa simu ya laki moja na nusu, mtaa mzima unatoka na fimbo, na mnajua wenyewe kuna wanaokimbilia tairi kabla hawajauliza nani kaibiwa nini. Unyama ule siutetei hata kidogo. Lakini yule aliyemvunja mtoto mguu aliletewa kigoda na maji ya kunywa. "Pole kijana, ni ajali, ni kazi ya Mungu." Jioni wakakaa watu wanne sebuleni kwa mtu, yakamalizwa kifamilia kwa 50,000 na ahadi ya kuongeza. Tangu lini Mungu akawa anashika mafuta kwenye kona?

Juzi nilikwenda kuipima ile kona. Kutoka pale bodaboda inapojitokeza nyuma ya ukuta hadi mlango wa duka ni hatua zangu 22, tuseme mita 17. Pikipiki ikiwa spidi 60 inakula karibu mita 17 kwa sekunde moja. Yaani mtoto anayetoka dukani anahesabu chenji ana sekunde moja: aione, ashtuke, arudi nyuma. Ikiwa spidi 30 anazo mbili, na hata ikimpata, kishindo chake ni robo ya kile cha 60. Hiyo ni fizikia ya sekondari, tulifundishwa wote, hata waliosinzia. Sheria yetu inataka mwisho 50 kwenye maeneo ya makazi. Mawaziri wa nchi mbalimbali walipokutana Stockholm mwaka 2020 walitaja 30 kwa sehemu ambazo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika. Sisi hatuna hata mahali pa kuchanganyikia. Njia yetu ni moja, ya watu, kuku, bajaji na mkokoteni wa maji.

Sasa wanaosema barabara na wizi ni ajenda mbili tofauti wanisikilize. Shemeji yangu aliporwa pochi wapi? Kona ileile, saa tatu usiku. Vishandu, wale wakwapuaji wa njiani, hawakuja kwa miguu. Walikuja na pikipiki, wawili, wa nyuma akavuta, wa mbele akaondoka na moto wake, kwa sababu hakuna tuta la kumpunguza wala taa ya kumwonyesha. Mama anayekaanga chipsi mbele ya duka ana balbu moja anayoilipia LUKU mwenyewe, na anapoiwasha hakuna anayeporwa pale. Anazima saa mbili na nusu akafunge hesabu zake. Shemeji alipita nusu saa baadaye. Balbu ile inalinda kuliko tochi zote mbili tulizobishania, na hakuna aliyewahi kumchangia hata shilingi 500 ya umeme.

Haya, bodaboda. Nakubali kwa shingo upande: usiku mke wangu aliposhikwa na uchungu, aliyetufikisha ni kijana wa kijiweni, na alikwenda polepole kama amebeba trei la mayai. Kumbe wanaweza! Na matuta yale ya kifusi ambayo vijana wetu walijijengea mwaka jana yalikuwa balaa: hayana rangi, hayana kibao, mvua ya kwanza ikayageuza mashimo, na mimi mwenyewe niliacha eksozi pale. Tuta linataka fundi na kibali.

Mwenyekiti anasema barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Sawa kabisa. Nikamuuliza, tumewaandikia? Kimya. Akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama viatu vyake. Hakuna barua. Tunawalaumu watu ambao hatujawahi kuwaomba.

Basi nimeiandika mimi, ukurasa mmoja na nusu: matuta mawili yenye alama na taa moja kwenye kona. Majirani 31 wamesaini, na mama wa chipsi kaacha alama ya mafuta karibu na jina lake. Imebaki muhuri wa mtaa. Nimeambiwa nirudi Jumatatu.

Jumamosi jioni kijana wa ulinzi alikuja na daftari la michango. Nikampa 5,000 yake, akanikatia risiti. Nikamuuliza, mchana huwa mnakuwa wapi?

Akacheka. "Mzee, mchana nani anaiba?"