Mwalimu wa Uhasibu Hana Jumapili

Mwalimu wa lugha akichoka kusahihisha insha, anaandika "umejitahidi", anatia saini, anakwenda kulala. Wa uhasibu katika sekondari za Afrika Kusini hana bahati hiyo. Tarakimu hazijitahidi, jamani. Zimekubali au zimekataa. Na zikikataa, haruhusiwi kuchora mkasi mwekundu akapita zake. Anatakiwa amfuate mtoto huko huko alikopotelea, akague kama amepotea kwa utaratibu, kisha ampe maksi ya njia.

Chukua swali dogo, la kuwapasha moto. Bidhaa zimeuzwa kwa R4 600 (R ni randi), VAT ya 15% imo ndani, na duka huongeza 60% juu ya gharama. Tafuta gharama. Hatua ni mbili tu: 4 600 × 15/115 ni 600, ukitoa zinabaki 4 000. Halafu 4 000 × 100/160, gharama R2 500. Umemaliza, kunywa chai.

Mtoto anafanyaje? Anachukua 15% ya 4 600, anapata 690, anabaki na 3 910. Ukimuuliza, anakushangaa wewe: si VAT ni 15%? Ni 15%, mwanangu, lakini ni ya bei kabla haijaongezwa kodi. Hiyo uliyoshika imeshaongezwa, ni 115. Anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye daftari, anatafuta 60% ya 3 910, anapata 2 346, anaitoa, gharama 1 564. Kisha chini ya jibu anapiga mistari miwili kwa rula, safi, imenyooka. Mistari ndiyo waliyoshika wote.

Afadhali huyo. Kakosa kote, sifuri inaandikika. Anayemla mwalimu maini ni yule aliyeikosa VAT halafu hatua ya pili akaipatia: 3 910 × 100/160, jibu 2 443,75. Kwenye mwongozo jibu hilo halimo. Basi mtu mzima mwenye shahada anashika kikokotoo saa tano usiku, anaukokotoa upya uongo wa mtoto kuhakikisha kwamba umekokotolewa kwa uaminifu. Umekubali? Mpe maksi. Ila gharama ile haikai palepale. Inaingia taarifa ya mapato, inabadili faida ghafi, faida inabadili kodi, kodi inabadili faida halisi, nayo inashuka hadi faida iliyobakizwa na pato kwa kila hisa. Darasa la watoto 40 ni kampuni 40, kila moja na faida yake, zote zimeanza na taarifa zilezile.

Na mwongozo wa kusahihishia una fiqhi yake. Jibu likiwa sahihi, maksi zote. Likikosewa, ndipo unaangalia hesabu za pembeni, kama zipo, maana wapo wanaozifuta kwa ufutio ili ukurasa upendeze. Kitu kigeni kikiingia, tuseme wadaiwa wamewekwa kwenye gharama za uendeshaji, unakata maksi, lakini si kama tayari amepoteza maksi kwa kitu hicho hicho, kwani adhabu hairudiwi. Na ukate uwezavyo, sehemu ile isishuke chini ya sifuri. Asiyeweka alama ya kutoa wala mabano, tarakimu yake ihesabiwe kuwa ni ya kujumlisha. Kadhi anagawa mirathi ya wake wanne kwa masharti machache kuliko haya.

Uchakavu, yaani thamani ya mali inayopungua kadiri inavyotumika, nao ni msiba wake. Gari limenunuliwa tarehe 1 Desemba kwa R240 000, kiwango 20% kwa mwaka, hesabu zinafungwa mwisho wa Februari. Hiyo ni miezi mitatu: 240 000 × 20% × 3/12, R12 000. Nusu ya darasa wanaleta 48 000, gari limechakaa mwaka mzima kabla halijafika. Waliobaki wanaleta 8 000, kwa sababu kutoka Desemba mpaka Februari wanahesabu miezi miwili. Hapo unawahesabisha vidole ubaoni: Desemba, Januari, Februari. Gredi ya 12, vidole.

Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vya biashara na taarifa ya benki, ndio usiseme. Kwenye taarifa ya benki, salio la krediti maana yake mteja ana pesa, kwa kuwa benki ndiyo inayodaiwa. Kwenye leja ya biashara, pesa hiyo hiyo inakaa debiti. Ukieleza Jumatatu, Jumanne wameelewa, Jumatano wameshageuza. Halafu kuna hundi. Benki za Afrika Kusini ziliachana na hundi mwishoni mwa 2020, lakini vitabu vya zamani na mitihani ya zamani ambayo ndiyo tunafanyia mazoezi imejaa hundi zisizowasilishwa, zimeandikwa lakini hazijafika benki. Unamfundisha mtoto karatasi ambayo hajaiona hata kwa babu yake. Anakuuliza: kwani mwenye duka hana simu? Swali ni zuri, ndiyo maana linaudhi.

Usije ukasema ni uzembe wa watoto, hapana. Uozo unaanzia Gredi ya 7 hadi ya 9, kwenye somo la EMS, yaani sayansi ya uchumi na usimamizi. Saa mbili kwa wiki, na ndani yake uhasibu umepewa 40%, kilichobaki ni uchumi na ujasiriamali. Mpanga ratiba akiona mtu ana vipindi pungufu, anamtupia EMS. Leo mwalimu wa jiografia, kesho kocha wa netiboli. Binadamu ni binadamu. Asiyeielewa debiti ataanza na uchumi, ataufundisha kwa mapenzi, kisha ataandaa siku ya soko, watoto wauze keki na juisi, wazazi wapige picha. Leja inasubiri muhula wa nne, na muhula wa nne ni mitihani. Januari wanaingia Gredi ya 10, wamechagua uhasibu kwa sababu shangazi amesema una kazi, na hawajui kama meza ya ofisi ni mali au ni gharama. Unazo saa nne kwa wiki. Anza.

Mtihani wenyewe wa mwisho, nakiri, wameulegeza kidogo. Zamani ulikuwa karatasi moja ya maksi 300 kwa saa tatu, sekunde 36 kwa kila maksi, kikokotoo kinatoa moshi. Tangu 2020 ni karatasi mbili, kila moja maksi 150 kwa saa mbili. Sekunde 48! Mtoto anazitumia zile 12 za nyongeza kutafuta ukurasa wa kitabu cha majibu.

Karatasi ya pili ndiyo yenye udhibiti wa ndani, na hapo ndipo kichekesho kinapokamilika. Tunafundisha kwa kukazia kwamba majukumu yagawanywe: anayepokea fedha asiandike vitabu, anayeandika vitabu asipeleke benki, na mwingine kabisa akague. Swali la maksi nne, jibu tunalijua usingizini. Sasa toka darasani uone. Ijumaa ya kuvaa nguo za nyumbani badala ya sare, kila mtoto anatoa R5, nani anapokea? Mwalimu wa uhasibu. Nani anaandika? Yeye. Nani anapeleka benki mfuko wa sarafu unaokata mkono? Yeye, kwa gari lake na mafuta yake. Stokvel ya walimu, hivi vikoba vya huku, mweka hazina ni nani? Na Desemba ikifika fedha zigawanywe, yule mwenye malimbikizo ya miezi mitatu ananuna kana kwamba mweka hazina ndiye aliyezila.

Kuanzia Julai msimu wa ritani za kodi unafunguliwa, na foleni inaanza mlangoni. Mwalimu wa hisabati, mtu anayefundisha kalkulasi, anakuja na cheti chake cha IRP5, kile cha mwajiri kinachoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, kakikunja mara nne: "Hebu niangalizie, wewe ndiye mtu wa fedha." Hajabeba risiti za daktari wala cheti cha bima ya afya, ila anataka kurudishiwa. Unamwambia bila karatasi hakuna dai, anaondoka akinong'ona kwamba una roho mbaya.

Jumatatu mwalimu mkuu anataka hesabu ya zile R5. Watoto waliovaa nguo za nyumbani 612, fedha zinatakiwa R3 060, mfukoni kuna R3 038 na kifungo kimoja cha shati. Zile R22 zinatoka kwenye pochi ya mwalimu wa uhasibu, na kwenye kitabu anaandika kwamba hesabu zimekubali.