Ngome ya Edinburgh ina wa kuisimulia. Kolo yetu ina nani?

Binti yangu ana miaka tisa, amezaliwa huku Scotland, na anajua chumba alichozaliwa mfalme James mwaka 1566. Kolo, kwetu Kondoa, haijui. Hajui kwamba ukoo wa mama yake unatoka chini ya miamba yenye michoro ya watu waliokuwepo kabla ya mfalme yeyote wa nchi hii.

Simlaumu mtoto. Shule yao iliwapeleka kwenye ngome ya Edinburgh, akarudi amejaa maneno, na Jumamosi yake akanivuta: mama, twende nikakuonyeshe. Mimi nakaa mji huu miaka mingi. Lile jabali nalipita kwa basi nikienda kazini kulea wazee, na sikuwahi kulipanda. Tiketi ya mtu mzima ilikuwa karibu pauni 20, ukizigeuza ni zaidi ya shilingi elfu sitini za Tanzania, na mtu anayetuma hela Kondoa kila mwezi hatoi fedha hiyo kwenda kutazama mawe. Safari hii nikatoa.

Nakiri kwamba ni pazuri. Jabali lenyewe ni la volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, limesimama katikati ya mji, na juu yake wamejenga kuta, nyumba za askari, ukumbi wa wafalme, na kanisa dogo la karne ya 12 ambalo ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini. Kuna mzinga mkubwa uliotengenezwa mwaka 1449. Upepo wa pale juu unakata mashavu, lakini unaiona bahari.

Ila mawe siyo yaliyonikamata. Kilichonikamata ni mzee mmoja wa makamo, amevaa koti la kazi, kitambulisho kifuani, aliyetukusanya watu kama thelathini uwanjani na kuanza kusimulia. Akatuonyesha ukingo wa jabali upande wa kaskazini, pameporomoka wima, mbuzi hapandi. Akasema mwaka 1314 Waingereza walikuwa wameishika ngome hii, na kundi dogo la Waskoti likapanda pale pale usiku wa giza. Aliyewaongoza, kwa jinsi inavyosimuliwa, ni kijana aliyewahi kukaa ngomeni, na njia ile aliijua kwa sababu alikuwa akishuka kwa siri usiku kwenda mjini kwa msichana wake. Watoto wote kimya. Binti yangu alikuwa ameshaisikia hadithi hiyo na shule, lakini alikuwa amenyanyuka kwa vidole vya miguu kama anaisikia kwa mara ya kwanza. Nikamtazama yule mzee nikajisemea: huyu analipwa. Ana mshahara, ana likizo, ana pensheni, kwa kazi ya kusimulia yaliyotokea kwenye jabali la kwao.

Ikafika saa saba mchana, mzinga mwingine ukalia. Tangu mwaka 1861 wanaupiga saa saba kamili kila siku, isipokuwa Jumapili na siku chache za sikukuu, ili meli zilizokuwa bandarini zirekebishe saa zao. Leo hakuna meli inayousubiri. Lakini yupo askari mwenye kazi hiyo, na watu wanakuja kumwangalia anavyoifanya.

Sasa twende Kondoa.

Ninyi wenzangu mnaijua njia. Unatoka Dodoma, unapita Chemba, Kondoa mjini, kilomita kama 180 mpaka Kolo, siku hizi lami tupu. Pale Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale, na kutoka hapo kwenda Mongomi, kwenye miamba yenye michoro, ni kilomita kama kumi za njia mbovu, halafu unapanda kwa miguu. UNESCO waliiandika michoro ya Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango yenye michoro ni zaidi ya 150, na watu wamechora kwenye miamba ile kwa miaka isiyopungua 2000. Lile kanisa la ngomeni, ambalo huku wanaliingia kwa kunong'ona, halijafikisha hata nusu ya umri huo.

Mimi Mongomi nilipelekwa na babu yangu, siyo shule. Nilikuwa mdogo kuliko binti yangu. Babu alikuwa anakwenda na wazee wenzake kwa mambo ya mvua, mimi nikabebeshwa kibuyu. Alinisimamisha mbele ya mwamba akasema usiguse, tazama. Kwanza sikuona kitu. Madoa tu, rangi ya udongo mwekundu, kama kutu imetiririka. Halafu jicho likazoea, na watu wakatoka ndani ya jiwe: wembamba, warefu, wana vichwa vikubwa kama wamefunga vilemba vya nywele, mikono myembamba kama nyuzi, mmoja ameshikwa huku na huku anavutwa. Pembeni twiga. Juu kidogo tembo. Na sehemu nyingine michoro mizito ya rangi nyeupe, imechorwa juu ya ile myekundu. Babu akasema, hii nyekundu siyo ya kwetu, hawa tuliwakuta, walikuwa wawindaji, waulize Wasandawe. Nyeupe ndiyo ya watu waliokuja na majembe na ng'ombe. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba wataalamu nao wanasema karibu maneno hayo hayo. Babu hakuwa amesoma kitabu chochote. Alisimuliwa na babu yake.

Babu amefariki. Aliyoyajua kuhusu ule mwamba, nadhani robo yake iko kwangu, na robo hiyo iko Scotland ikibadilisha mashuka ya wazee.

Hapo ndipo ninapoumia, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Sizungumzii majengo. Sizungumzii vyoo visafi, wala duka la zawadi, wala mabango. Nazungumzia kitu kimoja tu: huku kusimulia ni kazi ya mtu, na mtoto wa mwenyeji ndiye msikilizaji wa kwanza. Kwetu kusimulia ni hisani ya mzee mwenye muda, na msikilizaji tunayemngoja ni Mzungu mwenye kamera.

Shule niliyosoma ilikuwa mwendo wa gari mfupi tu kutoka Kolo. Ziara tuliyopelekwa ilikuwa Dodoma kutazama Bunge. Tulichangishwa, tukapanda basi, tukaimba njia nzima, tukakaa kwenye viti vya wageni tukaona waheshimiwa. Ni jambo jema, sikatai. Lakini basi lilikwenda kusini, na hakuna mwalimu aliyewahi kufikiria kuligeuza kaskazini. Kolo ni ya watalii. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo bado tunavyoambiana.

Najua mnachosema sasa hivi. Ameenda Ulaya juzi anakuja kutufundisha. Ndugu zangu, hela ninayotuma inalipa maji ya mama yangu, kwa hiyo bei ya ndoo naijua. Mgawo naujua, kwa sababu simu ya mama huzimika katikati ya maongezi. Najua zahanati ikikosa dawa anayepigiwa ni nani. Sijasahau chochote. Na wala sikuja huku nikaona kila kitu cha Mzungu ni dhahabu. Mimi ndiye ninayekaa na wazee wao ambao watoto wao huwatembelea Krismasi peke yake, na nyakati hizo najivunia kwetu mpaka machozi yananitoka. Lakini kujivunia hakunizuii kuona.

Mwingine atasema, wenzetu wana fedha. Kweli wanazo. Ila babu yangu alinisimulia bila senti. Kinachokosekana Kolo hakijengwi kwa zege. Mzee mmoja, mwalimu mmoja mwenye nia, na posho ya siku. Wahehe walikuwa na fedha gani? Ngome ya Kalenga waliangushiwa na Wajerumani mwaka 1894, kichwa cha mtemi wao Mkwawa kikapelekwa Ujerumani, na hawakuacha kusimulia mpaka fuvu likarudi mwaka 1954. Mtoto wa Iringa ukimuuliza Mkwawa ni nani, anakujibu kifua mbele. Mtoto wa Kondoa ukimuuliza nani alichora Mongomi, anakutazama.

Na yupo atakayesema yale ni mizimu, mimi Mwislamu, au mimi mlokole, simpeleki mwanangu. Huyu naongea naye kwa heshima kwa sababu ni mjomba wangu. Mjomba, mimi nimeingia kwenye kanisa la ngome nikiwa na hijabu yangu, nikasikiliza habari za malkia aliyepewa heshima ya kanisa lile, nikatoka nikiwa Mwislamu yule yule. Kujua si kuabudu. Hao waliochora walikuwa watu, walikuwa na watoto, waliwinda pofu na twiga pale pale unapolisha ng'ombe wako.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya wale wanaosema watu wakizidi michoro itakufa. Ni kweli. Kuna wageni wamemwagia michoro maji ili picha itoke vizuri, na kila maji yanapokauka rangi inaondoka nayo. Kuna wenyeji wamechimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu eti ya Mjerumani. Nyavu za chuma zilizowekwa zamani kuzuia watu ziling'olewa zikaenda kufanya kazi nyingine. Lakini tazameni anayechimba ni nani. Ni mtu ambaye hakusimuliwa. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mali ya pale iko ukutani, imechorwa, huyo hawezi kuchimba chini ya ukuta. Wavu unang'oka. Alichoambiwa mtoto na babu yake nani atakuja kuking'oa?

Kuna jambo moja la ngomeni ambalo mpaka leo linanikaa kooni. Ukisimama karibu na kile kikanisa ukatazama chini, kuna kibustani cha makaburi ya mbwa. Mbwa wa askari, tangu enzi za Malkia Victoria. Vijiwe vidogo, vina majina. Hatua chache kutoka hapo kuna jengo zima la kuwakumbuka Waskoti waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lilifunguliwa mwaka 1927, na ndani kuna vitabu vikubwa vya majina yao. Niliona mwanamke mzee anatafuta jina la babu yake, akalipata, akaliwekea kidole.

Vita hivyo hivyo vilipita Dodoma. Wajerumani kwanza, halafu Waingereza, walichukua ng'ombe, walichukua nafaka, walichukua wanaume wa Kigogo wakawabebesha mizigo ya jeshi. Mvua nayo ikagoma. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920, na watu wakafa kwa maelfu. Nimekaa Dodoma, nimesoma Dodoma kidato cha tano na sita, nina marafiki wa Kigogo ambao bibi zao walikuwa wanaitaja Mtunya kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewahi kunionyesha jiwe lenye jina hata moja. Mbwa wa askari ana jina. Mpagazi wa Mpwapwa hana. Hapo siwezi kuwalaumu Waskoti. Wao wameandika wa kwao. Sisi wa kwetu tumemwachia nani awaandike?

Halafu mtu ananiambia Dodoma ni mji mpya, hauna historia, una ofisi na vumbi. Mwalimu Nyerere alisoma chuo kikuu cha mji huu wa Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Huwezi kukaa hapa bila kuliona jabali la ngome. Unaliona ukienda sokoni, unaliona ukienda darasani. Mwaka 1973 chama chake kikaamua makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi, kwenye mawe yetu na mibuyu yetu. Hakuhamishia mji jangwani pasipo na watu. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alikuwa ameshakaa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro yetu mmoja baada ya mwingine kwa mkono wake. Mgeni alijua thamani yake kiasi cha kupanda milima ile kila siku. Sisi wenye milima tulikuwa tunapelekwa kutazama Bunge.

Basi Desemba nakuja, na binti yangu. Nimeshampigia mwalimu mkuu wa shule niliyosoma, nikamwambia kabla shule hazijafungwa nataka darasa la sita wapande Mongomi, basi nalipa mimi. Amekubali. Akaniuliza, dada, nani atawasimulia? Nikamtajia mdogo wake marehemu babu, yuko Kolo, ana miaka zaidi ya themanini, kichwa chake bado ni kizima. Na kama miguu haitampandisha mpaka juu, atasimulia chini, halafu wapande na kijana wake ambaye ameshamfundisha. Mwalimu akasema sawa, mzee tutampa soda. Nikasema hapana, mwalimu. Mzee atalipwa posho ya siku kama mtaalamu mwingine yeyote, na kijana wake pia, na wasaini kwenye karatasi.