Kujenga Programu Huria ya Biashara Peke Yako: Faida Ipo, na Mzigo Upo

Msanidi anayejenga peke yake programu ya wavuti ya kuendeshea biashara, yenye ankara, stoo na madeni ya wateja, kisha akauweka msimbo wake (maandishi ya maelekezo yanayoiendesha programu) hadharani ili iwe programu huria, amefanya maamuzi mawili ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa moja. Kufanya kazi peke yako ni jambo moja na kuufungua msimbo ni jambo jingine, na faida za la pili hazifuti hasara za la kwanza.

Faida ya kuwa peke yako ni ya kweli. Hakuna vikao, na anayepokea malalamiko ya mtumiaji ndiye huyo huyo anayerekebisha, hata siku hiyo hiyo. Lakini kuna maswali ambayo mtu mmoja hajiulizi. Chukua namba ya ankara: programu husoma namba ya mwisho, huongeza moja, huhifadhi, na katika majaribio ya msanidi aliye mtumiaji pekee kila kitu huenda sawa. Makarani wawili wanapobonyeza kitufe kwa wakati mmoja, wote husoma 1047, na ankara mbili hutoka zikiwa na namba 1048. Dawa yake si ngumu, kwani hifadhidata yenyewe inaweza kupewa sharti la kukataa namba iliyokwisha kutumika. Ugumu ni kulifikiria jambo hilo kabla mhasibu wa mtu mwingine hajalikuta.

Hoja ya wanaotetea programu huria ni kwamba macho ya wasomaji wa msimbo huziba pengo hilo. Nakubaliana nao kwa sehemu tu. Hitilafu ya usalama iitwayo Heartbleed iliingia katika toleo la mwaka 2012 la OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, na kutangazwa Aprili 2014, ilhali msimbo ulikuwa wazi muda wote huo na ulitumiwa na seva nyingi mno duniani. Ikiwa macho yalichelewa huko, programu changa ya mtu mmoja isiyategemee.

Kisa cha mwaka 2024 cha xz, programu huria ya kubana mafaili, kinazipa nguvu pande zote mbili. Mtunzaji wake, aliyekuwa amechoka na akisukumwa na watu waliolalamikia mwendo wake, alimkabidhi mamlaka msaidizi aliyejenga imani kwa muda mrefu, na kupitia kwa msaidizi huyo mlango wa siri, yaani msimbo wa kumwezesha mvamizi kuingia kwenye seva, ukapenyezwa. Aliyeugundua, Andres Freund, alianza na jambo dogo, kwamba kuingia kwenye seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akalifuatilia hadi chanzo chake. Uwazi ulisaidia kuugundua, lakini uchovu wa mtu mmoja ndio uliotoa nafasi.

Kuhusu leseni, yaani masharti ya wengine kuutumia msimbo, msimamo wangu ni ile iitwayo AGPL. Leseni ya MIT huvutia watumiaji wengi zaidi, hasa kampuni zinazoogopa masharti, lakini humruhusu yeyote kuiboresha programu yako, kuiuza kama huduma ya mtandaoni na kuyaficha maboresho yake. AGPL humtaka ayatoe kwa watumiaji wake. Uamuzi huu ufanywe mapema, wakati haki zote bado ni za mtu mmoja, kwa sababu michango ya wengine ikishaingia, kubadilisha leseni huhitaji ridhaa yao.

Linabaki swali la mwenye biashara: msanidi akiugua, itakuwaje? Kwa nadharia, msimbo wazi humwezesha fundi mwingine kuendelea. Kwa vitendo, mtu wa kwanza kujaribu kuisimika programu yangu kwenye seva tupu alikwama hatua ya tatu, kwa kuwa faili moja ya mipangilio ilikuwepo kwenye kompyuta yangu tu, na maelekezo hayakuitaja. Kwa miezi yote kabla ya hapo nilikuwa nikiiita programu huria, na hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuiwasha.