Muziki wa Filamu Zisizokuwapo: Sintesaiza Mpya na Urithi wa Goblin

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimekuwa zikitoka albamu za sintesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, zilizotungwa kana kwamba ni muziki wa filamu ya kutisha ya Kiitalia ya miaka ya 1970, ilhali filamu yenyewe haikuwahi kutengenezwa. Wanamuziki wawili wa Pittsburgh nchini Marekani, wanaojiita Zombi kwa jina ambalo Waitalia waliipa filamu ya George Romero ya mwaka 1978, walitoa Cosmos mwaka 2004. Matt Hill, ajulikanaye kama Umberto, alitoa Prophecy of the Black Widow mwaka 2010. Mwaka uliofuata ilianzishwa mjini London kampuni ya Death Waltz, iliyojipatia jina kwa kutoa upya santuri za muziki wa filamu za zamani, na sasa mnunuzi huwakuta wazee, kama bendi ya Kiitalia ya Goblin, na wajukuu wao kwenye rafu moja. Kinachobishaniwa ni kama wajukuu hao wanatunga au wanaiga tu.

Wakosoaji husema kwamba sauti ya miaka ile ilitokana na mipaka ya mashine zenyewe. Mellotron ya Uingereza, ambayo kwa kweli haikuwa sintesaiza kamili, iliweka chini ya kila kibonye utepe uliorekodiwa sauti ya kwaya, filimbi au fidla, na utepe huo ulidumu takriban sekunde 8 tu kabla ya kwisha. Mpigaji alilazimika kupanga vidole vyake mapema ili kwaya isikatike katikati ya wimbo, na mota ikiyumba, kwaya nayo iliyumba. Minimoog, sintesaiza ya zama zilezile, ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, tena noti hiyo haikukaa mahali pake siku zote. Leo programu ya kompyuta humpa mtunzi sauti hizo zote bila kikomo cha sekunde wala cha noti, na kule kuyumba kumegeuka kitufe cha kuwashwa na kuzimwa. Kasoro iliyomtoa mpigaji jasho imekuwa pambo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini naona lawama kubwa zaidi iko kwingine. Tuchukue Suspiria, filamu ya mwongozaji wa Italia Dario Argento, ya mwaka 1977, ambayo muziki wake ulitungwa na bendi ya Goblin. Kwa kuwa filamu za Italia za wakati ule ziliingiziwa sauti za waigizaji baadaye studioni, kelele za mahali pa kupigia picha hazikuwa tatizo, na Argento aliweza kuwapigia waigizaji muziki huo kwa spika huku kamera inazunguka. Muziki ulikuwa ndani ya filamu kabla filamu haijahaririwa. Na ukiusikiliza kwa makini utakuta sintesaiza ni sehemu moja tu ya mambo: kuna buzuki, ala ya nyuzi ya Kigiriki, kuna tabla, ngoma za Kihindi, kuna mnong'ono wa Claudio Simonetti, mpiga kinanda wa Goblin, unaosikika kama uko begani pa msikilizaji. Albamu nyingi mpya zimechukua sintesaiza na kuiacha buzuki. Zinaiga kitu chembamba kuliko kile kilichokuwapo, kisha zinakiita cha kale.

Wanaozitetea nao hawakosi la kusema, na jibu lao bora ni kwamba hata wazee waliiga. Kazi ya muziki wa Profondo Rosso, filamu ya Argento ya mwaka 1975, ilianza mikononi mwa Giorgio Gaslini, mwanamuziki wa jazi, kabla ya Argento kuwaita vijana wa Goblin, ambao walikuwa wamelelewa na roki ya Uingereza. Na wimbo wao mkuu una undugu ulio wazi na Tubular Bells, albamu ya Mike Oldfield iliyokuwa imetumika katika filamu ya The Exorcist mwaka 1973. Santuri ya Profondo Rosso iliuzwa kwa wingi Italia na kusikilizwa majumbani, mbali na picha yoyote. Hata John Carpenter, mwongozaji wa Marekani ambaye hakuwahi kuficha anachodaiwa na Goblin, alitoa Lost Themes mwaka 2015 bila filamu ya kuitegemea, na sijaona aliyemwita mwigaji.

Kwa hiyo kosa la albamu hizi haliwezi kuwa kuiga peke yake. Naliona katika namna zinavyotumia muda. Filamu huruhusu mstari mmoja wa besi urudiwe dakika 3 kwa sababu picha ndiyo inayobadilika; picha ikiondolewa, muziki wenyewe lazima usogee. Zombi wanalijua hilo, na ngoma za Anthony Paterra, zinazopigwa na mikono ya mtu, huusukuma wimbo mbele hata sintesaiza ya Steve Moore inapokaa palepale. Wengine wengi hutengeneza hali ya giza, wakaishia hapo, na jalada lililochorwa kwa ustadi likamaliza kazi iliyobaki.

Isitoshe, Ulaya ya zamani haikuwa Italia peke yake. Mtunzi wa Kirusi Eduard Artemyev alipotunga muziki wa Solaris, filamu ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1972, alitumia ANS, sintesaiza ya Moscow iliyobuniwa na Evgeny Murzin, ambayo mtunzi huikwaruzia michoro kwenye kioo kilichopakwa rangi nyeusi, kisha mwanga unaopita kwenye mikwaruzo hiyo hugeuzwa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Coil la Uingereza lilikwenda kurekodi kwa mashine hiyohiyo. Matokeo yake hayafanani na Solaris hata kidogo, na ndiyo maana nayarudia mara nyingi kuliko albamu kumi za giza la Kiitalia.