Dakika 22 za ububu

Jamani, hizi programu za kurekodi skrini zitanizeesha kabla ya wakati. Jana usiku, watoto wamelala, nikajifungia nirekodi somo la fomula za Excel kwa wanafunzi wangu. Dakika 22 nimeongea mpaka koo limekauka. Kufungua faili: kimya! Kishale kinazunguka kwenye skrini kama nzi aliyepotea, sauti hakuna. Kumbe programu ilikuwa inasikiliza maikrofoni nyingine kabisa, ile ya kamera ambayo hata haijachomekwa.

Nikarudia. Nipo katikati ya SUM, fomula ya kujumlisha, mara juu ya skrini inachomoza meseji ya grupu la harusi: “Mwalimu, ahadi yako bado hatujaiona.” Wanafunzi 60 waje wajue nadaiwa mchango?

Mara ya tatu ikatoka safi (ukiondoa jogoo wa jirani, ambaye naye ana ratiba yake). Faili ni MB 800. Nikaipunguza ipite WhatsApp, nikaituma saa nane usiku.

Asubuhi jibu la kwanza: “Mwalimu, namba hazisomeki.”