Metallica: tatizo si ulaini, ni urefu

Mashabiki wa roki mjini Mtwara si wengi, na kwa sababu hiyo tunajuana, kuanzia Shangani mpaka Chikongola, na mjadala wetu wa miaka yote ni mmoja: je, ni kweli kwamba bendi ya Metallica ya Marekani imekuwa ikishuka kiwango albamu baada ya albamu? Wanaoilaumu huutaja mwaka 1991 kuwa mwanzo wa anguko. Wanaoitetea husema kwamba bendi ilikua tu, kama watu wanavyokua. Naona kila upande umeshika sehemu ya ukweli, lakini pande zote mbili zinabishana juu ya ukali na ulaini wa muziki, ilhali kasoro yenyewe iko mahali pengine.

Upande wa lawama una ushahidi mzito. Kati ya 1983 na 1986 bendi ilitoa albamu tatu, na kila moja iliipita iliyotangulia: Kill 'Em All ilikuwa kasi tupu ya vijana, Ride the Lightning ya 1984 ikaingiza utulivu na mpangilio ndani ya kasi hiyo, na Master of Puppets ya 1986 ikayaunganisha yote mawili bila wimbo hata mmoja wa kujazia nafasi. Septemba mwaka huohuo mpiga besi Cliff Burton alifariki katika ajali ya basi la bendi nchini Sweden, akiwa na umri wa miaka 24 tu. Katika ...And Justice for All ya 1988 gitaa la besi la mrithi wake, Jason Newsted, karibu halisikiki kabisa, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa na muziki wa dansi, ambamo besi ndiyo inayomwinua mchezaji kitini, ni vigumu kulisamehe. Ikaja albamu ya 1991 iliyobeba jina la bendi, yenye mwendo wa taratibu zaidi, kisha Load ya 1996 na Reload ya 1997 zilizoegemea bluzi, na mwishowe St. Anger ya 2003.

Hiyo ya 2003 inastahili kuzungumziwa kidogo. Mpiga gitaa la solo Kirk Hammett hakupewa solo hata moja, na mpiga ngoma Lars Ulrich aliilegeza mikanda ya nyuzi za chuma iliyo chini ya ngoma ndogo, ikabaki kulia kama sufuria tupu toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Huku kwetu mpigaji wa sindimba haanzi kazi kabla ya kuipasha ngoma yake moto na kuisikiliza mpaka sauti ikae sawa, na anafanya hivyo kwa ajili ya shughuli ya jioni moja. Kuiacha ngoma ilie vibaya kwa dakika 75, katika kazi itakayodumu maishani, ulikuwa uamuzi, na ulikuwa uamuzi mbaya. Watetezi wanasema ukali huo mbichi ulilingana na hali ya bendi, maana Newsted alikuwa amejiondoa mwaka 2001 na mwimbaji James Hetfield alikuwa ametoka kutibiwa ulevi. Naielewa hoja hiyo na hata naiheshimu, ila maumivu ya msanii hayamwondolei wajibu wa kusikiliza alichorekodi.

Hata hivyo watetezi wana hoja mbili ambazo sijawahi kuzisikia zikijibiwa vizuri. Ya kwanza ni kwamba albamu ya 1991 haiwezi kuitwa anguko. Mtayarishaji Bob Rock aliwalazimisha kurudia na kupunguza, nyimbo 12 zikapata wastani wa dakika tano kila mmoja, Hetfield akaanza kuimba kwelikweli, na nakala zaidi ya milioni 16 zikauzwa Marekani pekee. Mauzo hayathibitishi ubora, lakini nidhamu ya uandishi humo inasikika kwa yeyote.

Hoja ya pili inatokana na namna sisi wenyewe tulivyoupata muziki huu. Wengi wetu hatukuzisikia albamu kwa mfuatano wa miaka. Tulirushiwa nyimbo kwenye memori kadi vibandani, zikiwa zimechanganyika, za 1984 kando ya za 1997, pasipo jalada wala tarehe. Msikilizaji wa namna hiyo hana kumbukumbu ya ujana inayomfanya apendelee za kale. Naye, kwa nilivyoona mara nyingi, haruki wimbo kwa kuwa ni laini. Huruka pale wimbo uliokwisha kusema jambo lake unapoendelea kwa dakika tatu zaidi.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro. Ride the Lightning ina nyimbo nane na dakika 47. Master of Puppets ina nyimbo nane na dakika zisizofika 55. Santuri hubeba vizuri kama dakika 22 kila upande, kwa hiyo wanamuziki walilazimika kuchagua. Zama za CD zilipofika kikomo kiliondoka: Load ina nyimbo 14 na dakika 79, yaani imeijaza CD mpaka ukingoni, Reload inafika dakika 76, na Death Magnetic ya 2008, ambayo wengi waliipokea kama kurudi kwa bendi ya zamani, inakaribia 75, tena ikiwa imerekodiwa kwa sauti iliyokazwa kupita kiasi hadi inakwaruza. Bendi kubwa kiasi hicho haina tena mtu wa kuiambia kwamba wimbo huu ubaki kabatini. Load na Reload zikiunganishwa na kuchujwa zinatoa albamu moja nzuri sana ya nyimbo kumi, na nasema hivyo nikijua kwamba baadhi ya wenzangu hapa hawawezi hata kuzisikiliza.

Hardwired... to Self-Destruct ya 2016 na 72 Seasons ya 2023 zina nyimbo 12 kila moja na dakika 77 hivi. Uwezo wa kupiga haujapungua kwa watu waliokwisha kuvuka miaka hamsini. Hilo linapaswa kukubaliwa waziwazi na upande wa lawama. Katika ile ya 2023 ningeondoa nyimbo nne bila kusita. Wimbo wa mwisho, Inamorata, ningeuacha, ingawa una dakika 11 na ndio mrefu kuliko nyimbo zote walizowahi kutunga na kurekodi studio kwa albamu zao wenyewe, kwa sababu katikati yake magitaa yanatulia, besi ya Robert Trujillo inapewa nafasi ambayo Newsted hakuipata mwaka 1988, na kila dakika iliyoongezwa ina kazi yake.